Kuku Waliopewa Ruhusa

Mafua yaliporudi banda la kati kwa mara ya tatu, Mama Trei aliacha kuulaumu upepo. Mara ya kwanza alikuwa ameilaumu mvua, kwa kuwa mvua haina mdomo wa kujitetea. Mara ya pili akaulaumu upepo wa alfajiri, akamfokea binti yake kwa kuchelewa kushusha mapazia ya turubai. Safari hii hewa ilikuwa kavu, mapazia yako mahali pake, maranda mapya yametandazwa sakafuni, na bado alipoinama mlangoni na kutega sikio aliwasikia kuku wakipiga chafya huku na huku, kama watu waliokalishwa jirani na anayekaanga pilipili.

Akaingia. Hakuhitaji kutafuta. Kuku mmoja alikuwa amejikunyata karibu na chombo cha maji, jicho limefumba, shavu limevimba, kamasi imeganda puani na inanuka. Mama Trei akamshika, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama kama mtu anayemtazama mdeni aliyeapa kwamba hatamwona tena.

"Umerudi," akauambia ugonjwa. "Huna haya hata kidogo."

Jina hilo la Mama Trei alilipata kwa trei za mayai, ambazo alikuwa akizipanga kila mahali palipo na paa: jikoni, varandani, hadi uvunguni mwa kitanda. Marehemu mumewe alizoea kulalamika kwamba ameoa mke mmoja lakini analala na duka zima. Mumewe alipofariki, trei zilipanda kutoka uvunguni zikachukua na upande wake wa kitanda, na watu wakasema huyu mama huzuni yake ameipanga vizuri.

Mabanda yake yalikuwa matatu. La mbele lilikuwa na kuku wakongwe, waliotaga siku wakikumbuka. La kati lilikuwa na kuku waliopaswa kuwa kwenye nguvu zao, na ndio hao waliokuwa wakitokwa na kamasi. La tatu, banda jipya, lilikuwa chini kabisa ya kiwanja, limezungushiwa wavu wake peke yake, na ndani mlikuwa na mitetea ambao hawajataga hata yai moja. Vilemba vyao vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kuwa vyekundu. Banda hilo ndilo lililoshika roho ya nyumba. Wakongwe walikuwa wa kuondoka karibuni, wa kati walishaharibikiwa, na wanunuzi wake wakubwa, mwoka mikate na mpishi wa shule, walikuwa wamekubali kumvumilia kwa ahadi moja tu: mitetea wakianza, mayai yatarudi kama zamani. Mafua yakiwapata mitetea hao kabla hawajaanza, wangedumaa kwenye kutaga, na Mama Trei angebaki na jina lake na trei tupu.

Ndiyo maana banda jipya lilihudumiwa na binti yake peke yake. Alikuwa msichana mkubwa, mkavu wa maneno, anayeweza kukutukana huku anakukaribisha kiti. Mama Trei mwenyewe alishika banda la kati na la mbele. Kibanda cha wagonjwa, kilichojitenga nyuma ya stoo ya chakula cha kuku, kilikuwa mikononi mwa kaka yake.

Huyo kaka alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini ujana wake wote na kipande kizuri cha uzee wake. Alikuwa amemwaga vyungu vya choo vya wagonjwa, amewageuza, amewalisha uji, amewafumba macho waliokwenda. Alipostaafu alikuja kwa dada yake na sanduku moja, viatu vyeupe vya turubai na mkasi mdogo uliofungwa kwa kamba shingoni. Akaonyeshwa mabanda yote achague kazi. Akapita kwenye kuku wazima bila kusimama, mpaka alipofika kwenye kibanda cha wagonjwa. Hapo akavua koti.

Tangu siku hiyo kibanda kiliitwa wodi. Kila kuku alitandikiwa gunia lake. Asubuhi waliwashiwa taa ya joto, wakaoshwa macho kwa maji ya chumvi vuguvugu, wakafunguliwa midomo kwa kidole gumba na kumwagiwa dawa tone kwa tone. Na mtu asiseme uongo, kuku ambao mtu mwingine angewapiga shingo na kwenda kunywa chai walisimama, wakajikung'uta, wakaomba chakula.

"Mjomba," binti alikuwa akimtania kutoka nje ya wavu, "saa za kuona wagonjwa ni ngapi?"

"Zimepita. Na wewe mwenyewe umekuja mikono mitupu, hata chungwa huna."

Sasa, siku kaka alipokabidhiwa wodi, kulikuwa na neno moja ambalo Mama Trei alipaswa kumwambia. Neno lenyewe lilikuwa fupi: kuku aliyeingia humu harudi kwa wenzake; akipona, asubiri dawa itoke mwilini, kisha aende kwa mchinjaji. Lakini utamwambiaje hivyo kaka aliyekubeba mgongoni, aliyekulea wazazi walipokufa, aliyekusimamia harusi akiwa amevaa suruali ya kuazima ili wewe upate viatu? Mama Trei alilizungusha neno lile mdomoni mpaka likalainika kabisa, kisha akasema, "Kaka, hao wakipata nafuu, wewe mwenyewe utajua la kufanya."

"Hilo ndilo ninalolijua kuliko yote," kaka akajibu.

Kila mmoja akaenda zake ameridhika.

Daktari wa mifugo alifika siku ile ile ya mafua ya mara ya tatu. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mabuti yake ndani ya mfuko, asiyekubali kuazima ya mtu. Akayachovya kwenye karai la dawa mlangoni, akaingia banda la kati, akawashika kuku, akawanusa, akatoka anapangusa mikono.

"Dawa mliwapa mpaka mwisho, mama?"

"Mpaka mwisho. Na vyombo vya maji ninavisugua kila siku, mikono imeota magamba kama samaki."

"Kuna kuku wageni walioingia?"

"Hata njiwa akitua namfukuza."

"Basi yupo anayeuleta." Daktari akafunga mfuko wake wa dawa. "Haya mafua hayaokotwi barabarani. Kuku akiugua akapona, uso unarudi, anakula, anataga, ukimtazama utaapa hajawahi kuumwa. Lakini ugonjwa bado anao. Ukimrudisha kwa wenzake, anawagawia kwenye maji ya kunywa. Wale wenu wakipona mnawapeleka wapi?"

"Kwa mchinjaji," Mama Trei alijibu upesi, kama mtu ambaye hajawahi kuuliza.

Na alipokwisha kusema ndipo akageuka kutazama lango. Alijaribu kukumbuka lini aliona tenga la kuku likitoka langoni. Hakukumbuka hata moja.

Daktari alipoondoka, Mama Trei hakwenda wodini. Alizunguka banda la kati taratibu, akiinama kwenye kila kona, akitazama miguu. Akawaona. Mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine tena: kuku wenye kipande kidogo cha bandeji kimefungwa mguuni kwa fundo safi la hospitalini. Walikuwa wanene, wachangamfu, wamejaa afya machoni. Mmoja alikuwa anakunywa maji kwa raha zake, na pembeni yake yule mwenye jicho lililofumba alikuwa anasubiri zamu.

Mama Trei akaegemea nguzo. Alitaka kucheka, kwa sababu mambo mengine yakizidi uchungu yanageuka na kuwa kichekesho. Kisha akakumbuka kwamba banda la kati lilikuwa limejaa siku nyingi. Wodi nayo haikuwa imejaa. Basi wengine waliopona walikuwa wapi?

Banda la mbele halikuwa na hata mmoja. Vikongwe walikuwa salama, pengine kwa kuwa hakuna mgonjwa anayepewa ruhusa akakae na wazee wanaogombana. Mama Trei akatelemka kiwanja. Kwa mara ya kwanza miguu yake ilikuwa inakwenda mbele na moyo unarudi nyuma. Akavaa mabuti ya mlangoni pa banda jipya, akachovya, akasukuma mlango.

Mitetea waligeuka wote pamoja, shingo nyembamba, macho ya kushangaa, kama darasa mwalimu mkuu anapoingia. Na katikati yao, chini ya dirisha lenye hewa nzuri kuliko yote, alikaa kuku mkubwa mwenye kilemba kilichoangukia jicho, kifua kipana, ametulia kama bibi aliyekuja kutembelea wajukuu na hana mpango wa kuondoka. Mguuni bandeji. Nyuma yake wengine, nao na bandeji zao, wamejitandaza kwenye maranda.

Binti alikuwa anamimina chakula upande wa pili.

"Hawa wameingiaje?" Mama Trei akauliza kwa sauti ndogo.

"Mjomba kawaleta. Kasema wanahitaji hewa, na kwamba wewe ulimwambia afanye anavyojua." Binti akaona uso wa mama yake, akaliweka debe chini. "Hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

Mama Trei alikuwa anasikiliza. Banda lilikuwa na ile kelele yake ya kawaida ya vijana, milio myembamba na kukwaruza. Hakuna chafya. Bado.

Alimkuta kaka yake wodini, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuku amembana katikati ya magoti, anamfuta jicho kwa pamba.

"Karibu," alisema bila kuinua kichwa. "Ila sauti ya chini, huyu hakulala vizuri."

"Kaka."

"Naam."

"Wale wenye bandeji mguuni."

Uso wa mzee ukachanua. "Umewaona? Yule mwenye kilemba kikubwa ulisema hafiki jioni. Mtazame leo. Banda la kati lina joto na harufu inayochoma macho, mgonjwa aliyetoka kitandani hawezi kupata nguvu pale. Nikawatafutia penye hewa. Wodi ikianza kujaa, aliyepona anapewa ruhusa. Huwezi kumlaza mtu kitandani kwa sababu tu umemzoea."

"Wanabeba ugonjwa, kaka."

"Wamepona."

"Wamepona usoni. Ndani bado wanao. Daktari kasema."

Mzee aliweka pamba chini, akamwachia kuku. Kuku hakuondoka. Alibaki miguuni pake.

"Daktari kasema," alirudia polepole. "Mimi nilipotoka hospitali na kifua kikuu changu, daktari alisema nimepona. Alisema mbele ya shangazi. Shangazi akaitikia vizuri sana, tulipofika nyumbani akanitandikia kwenye stoo ya kuni. Chakula kinawekwa mlangoni na mtu anakimbia. Nilikuwa nimepona, mdogo wangu. Nikivuta pumzi watu wanatazama kifua changu, kama wanaosubiri mbwa aume. Ndipo nikaenda kuomba kazi wodini. Nilitaka mahali ambapo watu wanagusana."

Mama Trei alikuwa mdogo wakati huo. Kitu pekee alichokumbuka ni kwamba kaka alikuwa amehamia stoo, na kwamba yeye alimwonea wivu kwa kupata chumba chake.

"Wewe ulipona kweli," alisema. "Hawa hawaponi hivyo. Si kosa lao."

"Hata mimi waliniambia si kosa langu."

"Kaka, mitetea wakiugua sasa, hatuna kitu. Unaelewa? Banda lile ndilo nyumba hii yote."

"Naelewa. Basi nitawarudisha hapa wodini. Nitakaa nao."

"Hawawezi kukaa."

"Waende wapi?"

Mama Trei akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, fupi kama siku ile ya kwanza, na likakwama pale pale. "Wewe mwenyewe si unajua, kaka," akaanza, akajisikia anavyosema, akanyamaza.

Ni binti aliyemaliza. Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mikono imejaa unga wa chakula cha kuku. "Wanachinjwa, mjomba. Leo hii. Na hao waliomo humu pia."

Mzee hakumtazama binti. Alimtazama dada yake, akingoja akanushe. Dada akawa anatazama gunia.

Lakini kuchinja si kazi, kazi ni kukamata. Mtetea ana hofu ya kijinga. Akiona mwenzake anakimbizwa, banda zima linakimbilia kona moja, wanapandana, na wa chini wanakufa kwa kukosa pumzi kabla ugonjwa haujapiga hodi. Binti alijaribu na kuku mmoja tu. Wimbi likaondoka ukuta kwa ukuta, ikabidi asimame kama sanamu mpaka watulie. Wagonjwa wa mzee hawakuwa wakimfuata binti, wala hawakumjua Mama Trei. Walimjua mtu mmoja.

"Siwezi kumwomba hilo," Mama Trei alisema.

"Huna haja ya kuomba," mzee alisema kutoka nje ya wavu. Alikuwa ameshavua viatu vyake vyeupe. "Nipeni mabuti."

Wakashusha mapazia banda liwe na kiza cha kutuliza. Mzee akachovya mabuti kwenye dawa, akavaa ovaroli safi aliyopewa, akaingia peke yake. Alipofika katikati akachutama, akafanya sauti ndogo kwa ulimi, ile anayoifanya wodini anapoleta chakula. Mitetea hawakujali. Lakini yule mwenye kilemba kikubwa akanyanyua kichwa, akajikongoja kuja, na wengine nyuma yake, wakipenya kati ya mitetea kwa adabu, kama wagonjwa wanaoitwa majina.

Aliwatoa wawili wawili, mmoja kila kwapa. Mlangoni, kabla ya kumkabidhi dada yake, alikata bandeji ya kila mmoja kwa mkasi wake na kuitia mfukoni. Wa kwanza alipokatwa bandeji, mzee alisema, "Ruhusa." Baada ya huyo hakusema kitu. Mama Trei alipokea kuku wenye joto, wazito, wasio na wasiwasi wowote, akawapitisha kwa binti nyuma ya stoo, na kila alipogeuka mlangoni palikuwa na wengine wawili.

Nyama yao ilikuwa bado na dawa, hivyo hakuna aliyeila. Walifukiwa shimoni na chokaa juu. Wale wenye bandeji wa banda la kati na wa wodini walifuata. Jioni ile mzee alisugua kibanda chake, akachoma magunia yote, akazima taa ya joto. Chakula alipoletewa alisema ameshiba.

Zikafuata siku za kutega sikio. Mama Trei hakuingia banda jipya. Alisimama nje ya wavu asubuhi na jioni akisikiliza, na binti alikuwa akimkuta amefumba macho kama anayesali.

"Mama, hata wewe ukipumua watadhani ni dhoruba. Njoo unywe chai."

"Nimesikia kitu."

"Umesikia tumbo lako."

Halafu asubuhi moja binti alitoka ndani bila utani wowote. Alikuwa amembeba mtetea. Jicho lilikuwa linachuruzika, na shavu limeanza kutuna. Alisema wapo wengine, wote kwenye kona ile ya dirisha lenye hewa nzuri.

Daktari alirudi. Akasema wamewahi, dawa itiwe kwenye maji siku hiyo hiyo, wengi wataweza kusimama. Lakini alisema pia kwamba banda zima sasa lihesabiwe kuwa la wagonjwa. Watakaopona wote watakuwa wabebaji. Wakae pamoja, watage pamoja, na siku yao ikifika waondoke pamoja, asiingizwe kuku mwingine yeyote mpaka banda lioshwe na kukaa tupu. Atakayedhoofika asiuguzwe, atolewe mara moja, kwa sababu huyo ndiye chemchemi. Banda la kati liuzwe lote kwa mchinjaji dawa ikitoka mwilini. Na mtu atakayewahudumia mitetea asikanyage banda jingine, wala asishike trei, wala asikae varandani na wenzake wanaotoka kwa kuku wazima.

Mama Trei akatazamana na binti. Vikongwe wa mbele, ambao sasa ndio waliokuwa wakiweka mkate mezani, walihitaji mtu. Banda la kati lilihitaji mtu.

"Nitakaa mimi," mzee alisema.

"Kaka, si lazima."

"Mimi ndiye nisiye na banda. Nitalala stoo ndogo ya maranda, pale pembeni yao. Chakula niwekeeni kwenye jiwe lililo langoni mwa wavu." Akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Ila msikimbie mkishaweka. Hilo nawaomba."

Hawakukimbia. Mama Trei alikuwa akiweka sahani, anarudi hatua chache, anasimama mpaka kaka amalize. Walizungumza kupitia wavu habari za maji, za pumba, za kamba ya pazia iliyokatika. Mambo mengine hawakuyagusa. Mzee alizidi kukonda, lakini banda lilikuwa safi kuliko jikoni. Mitetea wengi walisimama. Wengine hawakusimama, na mzee aliwatia guniani bila kuambiwa, gunia limefungwa, akaliacha penye shimo na kurudi ndani.

Na siku moja yai likaonekana. Dogo, limepinda, lina mstari wa damu kwenye ganda. Kisha mengine. Hayakuwa mengi kama yale yaliyoahidiwa, na mpishi wa shule alishakwenda kwa mtu mwingine, lakini mwoka mikate alisema atachukua hayo hayo. Mama Trei akahesabu moyoni kwamba nyumba inaweza kusimama, kwa kuchechemea, mpaka mitetea wamalize muda wao. Mradi mafua yasiamke tena.

Asubuhi moja alipoleta uji alimwona kaka yake amekuja langoni na ovaroli imefungwa vifungo mpaka kidevuni, na joto lote lile. Kifuani palikuwa pametuna.

"Wanakula?" Mama Trei aliuliza.

"Wanakula."

"Wote?"

"Wote wanakula. Maji yamebadilishwa. Ile kamba nimeifunga." Mzee alikuwa anasema haraka, mkono mmoja umeegeshwa tumboni. Ovaroli ikapiga chafya.

Wote wawili wakainyamazia ile chafya kama watu wenye heshima zao.

"Ni baridi tu," mzee alisema mwishoni. "Usiku kulikuwa na baridi. Nimemtia joto kidogo. Jana jioni alikunywa maji mwenyewe, bila kushikwa. Nipe siku mbili na huyu. Sijamchanganya na wenzake, yuko na mimi stoo. Yupo mmoja tu."

"Na ukiingia kwa wenzake unavua ovaroli?"

Mzee akaleta na mkono wa pili kifuani.

Mama Trei aliuweka uji juu ya jiwe. Alitazama nyuma kama binti yuko karibu, lakini binti alikuwa banda la mbele, sauti yake inasikika akiwagombeza vikongwe. Hapakuwa na mtu wa kumsemea. Akasogea mpaka wavuni, akashika waya kwa mikono yote miwili.

"Kaka, muue huyo sasa hivi."

Alisema akimtazama usoni. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilimshangaza mwenyewe, jinsi neno lilivyotoka kavu, bila kuzungushwa, bila hata tafadhali.

Mzee akafungua kifungo cha juu, na cha pili, na kichwa cha mtetea kikatokeza, jicho moja limefumba na jingine linatazama huku na huku kwa udadisi.

"Basi geuka," mzee alisema.

"Sigeuki."

"Wewe ulikuwa hutazami hata sindano, ulikuwa unajificha nyuma yangu. Geuka, mdogo wangu."

"Nimesema sigeuki, kaka. Fanya nikiona."

Akamtoa, akamshika miguu kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, kama wanavyofanya wanaojua, na ikawa imekwisha kwa mvuto mmoja. Mabawa yalipiga kwa muda, yakaacha. Mzee alimtia guniani, akafunga, akavua ovaroli na kuitumbukiza kwenye pipa la dawa. Akanawa mikono mpaka viwikoni, kidole kimoja baada ya kingine, bila haraka. Uji haukuguswa. Akaingia bandani na fulana yake, hakusema kwaheri, wala Mama Trei hakutegemea aseme.

Alibaki wavuni. Akasikia hatua zake ndani, na mitetea wakimpisha. Kisha kamba ikalia kwenye kapi lake, na pazia la upande aliosimama yeye likaanza kushuka, taratibu, mpaka chini.

Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa linapanda, na kila mfugaji anajua kwamba kuku wa mafua wakifungiwa hewa kwenye joto, harufu ya kinyesi itawamaliza kabla ya saa sita. Ilimpasa aseme pazia lipandishwe, na alijua atasema, na kwamba atalisema kavu kama lile la kwanza.

Akamwacha kaka yake kwanza, kidogo tu. Aliposikia mitetea wameanza kuhema, akaita.